Fundi anapomulilia fundi mwenzake



Hapa kwetu, kilio kikiingia katika nyumba, hakuna mutu anayeuliza njia. Unasikia sauti toka mbali, unafuata. Iwe Katuba, iwe Kenya, iwe Ruashi ao Kamalondo, ni namna moja: viti vinapangwa katika lupango, moto unawashwa, wamama wanaketi chini pembeni ya mwenye kufiwa, na vijana wa korali wanaimba mpaka asubui. Wengine hawakumujua marehemu hata kidogo. Wanaimba tu, juu kilio bila wimbo kwetu si kilio.

Lakini kuna ulizo moja. Siku anayekufa ni mwimbaji yeye mwenyewe, nani atamuimbia? Na yule atakayemuimbia atasema nini, ikiwa zamani walishindana, ikiwa walikosana, ikiwa mumoja alimuacha mwenzake bila kuaga vizuri?

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya jambo hilo. Tutatumia mufano wa inchi yetu, wa mwaka 1983, wakati wapiga muziki wawili wakubwa walikutana kumulilia muzee wao kwa wimbo mumoja. Vijana wengi wanajua majina yao, lakini hawajui habari yenyewe. Na ni habari inayotuhusu sisi wote, hata wale ambao hawakupiga gitare siku moja.

ORKESTRE NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Wazungu wakisema orkestre, wengi wao wanafikiri violoni, filimbi na tarumbeta nyingi, watu sitini ao themanini wameketi mbele ya mukubwa mumoja mwenye kijiti mukononi. Kwetu Kongo orkestre ni gitare, sauti, ngoma na vyombo vya kupuliza, watu wanasimama na wengine wanacheza. Yote mawili ni orkestre. Hata violoni tuko nayo: mwaka 1994 Armand Diangienda, mujukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha kule Kinshasa orkestre ya violoni ya Wakimbanguisti. (Simon Kimbangu mwenyewe alikufa hapa kwetu, katika gereza la Elisabethville, tarehe 12 mwezi wa kumi 1951.)

Orkestre, iwe ya namna gani, ni watu wengi wanaokubali kupiga kitu kimoja. Kwa hiyo orkestre ikilia, si mutu mumoja anayelia. Ni fundi wengi pamoja, kila mumoja na chombo chake.

KALLÉ ALIKUWA NANI?

Joseph Kabasele Tshamala alizaliwa Matadi mwaka 1930. Watu walimupa jina la Grand Kallé, maana yake Kallé Mukubwa. Alikuwa wa ukoo mumoja na Kardinali Malula wa Kinshasa. Mwaka 1953 aliunda orkestre African Jazz. Wakati ule gitare za umeme zilikuwa kitu kipya, na muziki wa muji ulikuwa unatafuta njia yake. African Jazz iliupa uzuri na adabu: sauti laini, mavazi safi, maneno yaliyopangwa vizuri. Mupiga gitare wake mukubwa alikuwa Nicolas Kasanda, yule watu walimwita Docteur Nico, mutoto wa Kasai.

Mwezi wa kwanza 1960, wakubwa wa siasa walikwenda Bruxelles kwa mukutano wa Table Ronde, kuzungumza juu ya uhuru. Kallé na wenzake walikwenda vilevile, kupigia wajumbe muziki. Ni kule walitoa wimbo Indépendance Cha Cha. Wazee wetu wanaukumbuka. Ndani yake kuna majina ya wakubwa wa siasa wa wakati ule, na Tshombe wa kwetu Katanga ni mumoja wao. Redio ziliupiga katika inchi nyingi za Afrika, na wimbo ukakuwa sawa bendera ya uhuru.

Angalieni neno moja hapa. Katika safari ile, Kallé hakuchukua watu wa orkestre yake tu. Alichukua hata wawili wa orkestre iliyoshindana naye, OK Jazz: mwimbaji Vicky Longomba na mupiga gitare Brazzos. Mukumbuke neno hili, juu tutalirudilia.

KAMBI MBILI

OK Jazz ilizaliwa Kinshasa mwezi wa sita 1956. Ndani yake alikuwa kijana mumoja, François Luambo Makiadi, aliyezaliwa Sona Bata mwaka 1938. Watu wote walimwita Franco. Baba yake alikufa akingali mutoto, na mama yake aliuza mikate sokoni kusudi wapate kuishi. Muziki wa Franco haukuwa sawa ule wa Kallé. Kallé alikuwa mutu wa masomo na sauti ya hariri. Franco alikuwa mutoto wa mutaa, gitare yake nzito, maneno yake makali. Basi wapenzi wa muziki wakagawanyika: huyu wa African Jazz, yule wa OK Jazz. Mpaka leo wenye kuandika juu ya muziki wa Kongo wanasema juu ya masomo mawili, somo la Kallé na somo la Franco.

Mwaka 1959 kijana mwingine aliingia katika African Jazz: Pascal Tabu, aliyeitwa Rochereau, na baadaye Tabu Ley. Alikuwa na sauti ya juu, safi. Kallé alimufundisha kazi. Lakini mwaka 1963 mambo yaliharibika. Rochereau na Docteur Nico walitoka, na wanamuziki karibu wote wakawafuata. Waliunda African Fiesta. Muzee akabakia na jina la orkestre, lakini watu hawakuwako tena. Kallé alijaribu kuanza upya, hata Paris alifanya kazi na wenzake katika African Team, pamoja na Manu Dibango wa Kameruni. Lakini siku za utukufu wa African Jazz hazikurudia.

Wakati ule wote Rochereau alipanda. Mwaka 1970 aliimba Paris katika nyumba kubwa ya Olympia. Franco naye alipanda. Orkestre yake ikaitwa TPOK Jazz, ile ya Tabu Ley ikaitwa Afrisa. Sasa wao wawili ndio walioshindana, na wapenzi wao walibishana juu yao katika nganda na hata katika treni.

MWAKA 1983

Tarehe 11 mwezi wa pili 1983, Grand Kallé alikufa kule Kinshasa. Alikuwa na miaka 52.

Mwaka uleule Franco na Tabu Ley walifanya kitu ambacho wengi hawakukitumainia. Waliingia studio pamoja, wakatoa diski pamoja. Kati ya nyimbo zile kuna moja inayoitwa Kabasele in Memoriam. Maneno in memoriam ni ya Kilatini, maana yake «kwa ukumbusho». Wazungu wanayaandika juu ya makaburi. Wimbo wenyewe ni wa Lingala, na baadaye ulitolewa hata Marekani katika diski yenye jina Omona Wapi.

Sasa, wasomaji wapendwa, tufikiri kidogo. Watu wawili hawa, ni nani mbele ya sanduku la Kallé?

Wa kwanza, Franco, ni mushindani. Lakini ni mushindani aliyekula katika mukono wa Kallé. Kallé alikuwa na nyumba yake ya kutoa diski, jina lake Surboum African Jazz. Na katika nyumba ile alitoa muziki wa OK Jazz vilevile, mwanzo wa miaka ya 1960. Maana yake alimufungulia mulango yule aliyeshindana naye katika muji uleule. Angeweza kuufunga. Wafanya biashara wangapi wangemufungulia mushindani wao mulango?

Wa pili, Tabu Ley, ni mwanafunzi. Lakini ni mwanafunzi aliyemuacha mwalimu wake mwaka 1963. Kila wakati alipofungua kinywa kuimba, watu walisikia ndani yake sauti ya yule aliyemufundisha. Huwezi kumurudishia mwalimu wako sauti yako. Unaweza tu kuitumia kusema jina lake.

Mumoja alikuwa na deni la mulango, mwingine alikuwa na deni la sauti. Na wote wawili walilipa kwa feza moja waliyokuwa nayo, ile ya kazi yao. Mufua chuma akifa, wenzake wa chuma wanajua ni nini imepotea. Fundi wa mutambo kule Gécamines akifa, wale aliowafundisha kusikiliza mutambo kwa sikio wanajua ni nini imekwenda udongoni. Watu wengine wanalia mutu. Wenzake wa kazi wanalia mutu na ufundi wake. Ndiyo sababu wimbo wa fundi kwa fundi mwenzake uko na uzito wake mwenyewe.

Na tuone vilevile kwamba muzee huyu, aliyekosa kuweka watu wake pamoja alipokuwa muzima, aliweka kambi mbili katika studio moja alipokufa.

NDUGU WA DAMU

Franco alijua kilio cha namna nyingine pia. Ndugu yake mudogo, Siongo Bavon, aliyeitwa Bavon Marie Marie, alikuwa mupiga gitare wa orkestre Negro Success. Vijana walimupenda sana. Mwezi wa nane 1970 alikufa kule Kinshasa katika ajali ya motokari.

Muji ukaanza kusema. Wengine walisema Franco alikuwa amemutoa ndugu yake kwa uchawi kusudi apate utajiri na sifa. Ninyi wasomaji wa kambi za migodi, munajua maneno hayo. Hayana haja ya maelezo. Mutu akipandishwa cheo kazini na mutoto wake akifa mwezi uleule, maneno yanazunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye kufiwa anabeba vilio viwili: kile cha maiti na kile cha vinywa vya watu.

Franco alinyamaza kwanza, gitare ikapumzika. Kisha alitunga wimbo unaoitwa Kinsiona. Hakuutunga kwa Lingala, luga aliyotumia mara nyingi kwa diski zake. Aliutunga kwa Kikongo, luga ya mama yake, na kinsiona kwa Kikongo ni huzuni, uchungu wa mwenye kubakia peke yake. Lingala ilikuwa luga ya soko na ya bare. Kilio cha ndugu kilitafuta luga ya nyumbani. Hata sisi hapa Lubumbashi tunajua hilo: muchana kutwa tunasema Kiswahili, lakini mama akianguka juu ya sanduku la mutoto wake, analia kwa Kiluba, kwa Kibemba, kwa Kisanga, kwa Kirund.

Wimbo ule haukufunga vinywa vyote vya watu. Hakuna wimbo unaoweza kufanya hivyo. Lakini maneno ya watu yalizeeka, na wimbo ungali unasikilizwa.

ALIYEMULILIA MUTU ASIYEONANA NAYE

Sasa tuende mbali kidogo, mpaka Ulaya ya kaskazini, kwa orkestre ya violoni.

Mwezi wa kumi na mbili 1976, mutungaji mukubwa wa muziki wa Uingereza, Benjamin Britten, alikufa. Katika inchi ya Estonia, iliyokuwa wakati ule chini ya utawala wa Urusi ya Kikomunisti, kulikuwa mutungaji mwingine, Arvo Pärt. Pärt alikuwa ameanza tu kutambua uzuri na usafi wa muziki wa Britten. Alitamani kuonana naye. Mauti ikatangulia. Basi mwaka 1977 alimuandikia wimbo wa orkestre usiokuwa na maneno: violoni za kila ukubwa, na kengele moja. Unaitwa Cantus in memoriam Benjamin Britten, na haupiti sana dakika sita ao saba.

Namna ulivyotengenezwa ni rahisi hata mutoto ataelewa. Wimbo unaanza na kimya. Kisha kengele inalia polepole. Violoni ndogo zinaanza kushuka ngazi ya sauti, toka juu mpaka chini, na kurudilia, kila mara ngazi moja zaidi. Violoni za pili zinashuka ngazi ileile, lakini polepole mara mbili. Zile zinazofuata, polepole mara mbili tena. Hivyo mpaka chombo kikubwa cha chini, kinachokwenda polepole kupita vyote. Wote wanashuka njia moja, lakini hakuna anayekwenda kwa mwendo wa mwenzake. Mwisho kila mumoja anafika kwenye sauti yake ya mwisho na kukaa pale, akingojea wengine wafike.

Mwenye kufuata sanduku kwenda makaburi ya kwetu anaelewa wimbo huo bila mwalimu. Vijana wanatangulia mbio na kuimba. Wababa wanafuata. Wazee na mama mwenye kufiwa wanakuja nyuma kabisa, wanashikwa mikono. Njia ni moja, mwendo ni mbalimbali, na waliotangulia wanangojea.

Na pale violoni zote zinaponyamaza mara moja, unasikia kitu ambacho hukukisikia mbele: kengele imekwisha kupigwa, lakini sauti yake ingali inaelea. Mutungaji hakuongeza kitu hapo. Aliacha tu.

MAOMBOLEZO YA KWETU

Musifikiri ni jambo la wageni tu. Waluba wako na kasala toka zamani: mwenye kuijua anasimama katika kilio, anaita marehemu kwa majina yake ya sifa, na majina ya ukoo wake, mpaka machozi yatoke. Kasala haisemi tu kwamba mutu amekufa. Inasema ni nani aliyekufa, mutoto wa nani.

Na wale wanaosoma Maandiko wanakumbuka Daudi. Alikuwa mupiga kinubi, na Sauli alimuwinda kwa mukuki miaka mingi. Habari ya mauti ya Sauli na Yonatani ilipofika, Daudi hakufurahi. Alitunga maombolezo, akaagiza watu wa Yuda wafundishwe wimbo ule. Iko katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya kwanza. Musome polepole, mutaona kwamba anamusifu hata yule aliyemuwinda, na hasemi uongo: anataja paka mambo ambayo Sauli alikuwa nayo kweli.

Na Katanga yetu? Mwaka 1952, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Muzungu Hugh Tracey alimukuta kijana wa Bunkeya anayepiga gitare kavu, gitare bila umeme. Ni Jean-Bosco Mwenda. Tracey alitia katika diski wimbo wake Masanga. Wimbo ule ulifika mbali: wenye elimu ya muziki wa Ulaya waliandika kila sauti yake katika karatasi, na vijana wa Nairobi walijaribu kuiga vidole vyake. Mwezi wa kenda 1990 Mwenda alikufa katika ajali ya barabara kule Zambia. Alikuwa na miaka 60 hivi.

Vijana wenye gitare, ninawauliza: ni wangapi kati yenu wanaoweza kupiga Masanga mpaka mwisho? Kwa mupiga gitare, kumulilia mwenzake si maneno tu. Ni kuchukua wimbo wake, kuketi nao jioni nyingi, mpaka vidole vyako vijue alichojua yeye. Hilo nalo ni maombolezo.

MASHAURI KWA KORALI NA WAIMBAJI

Katika kila korali siku itafika ambapo mumoja atakufa, na mutaombwa kumuimbia. Mifano hii yote inatufundisha mambo machache.

1. Semeni jina. Wimbo unaoweza kuimbwa kwa mutu yeyote haumuimbii mutu. Kallé aliitwa kwa jina lake, Kabasele.

2. Semeni kazi yake. Alipiga nini? Alifundisha nani? Ni wimbo gani uliingia katika korali juu yake? Kama alitunga wimbo, muimbe ule.

3. Musiseme uongo. Katika kilio kila mutu anageuka malaika, na watoto wake wanasikiliza na kujua si kweli. Neno moja la kweli linafariji kupita sifa kumi za bure.

4. Tafuteni luga yake. Kama mama yake haelewi Kifaransa, musimuimbie mutoto wake kwa Kifaransa.

5. Acheni kimya. Musiogope dakika moja bila sauti, bila kipaza sauti, bila kinanda. Kengele ya Pärt inasikilika juu violoni zimenyamaza.

6. Itikeni washindani. Kama korali iligawanyika mbili juu ya feza ao juu ya kinanda, siku ile waimbe pamoja. Franco na Tabu Ley, wenye majina makubwa na wapenzi wengi, waliweza.

LAKINI KALLÉ HAKUSIKIA

Inabaki neno gumu, na hatutalificha. Wimbo Kabasele in Memoriam ni muzuri, lakini yeye aliyestahili kuusikia kupita wote hakuusikia. Toka 1963 mpaka 1983 ni miaka 20. Studio zilikuwako, magitare yalikuwako, sauti zilikuwako.

Franco naye alikufa Namur, Ubelgiji, tarehe 12 mwezi wa kumi 1989. Serkali ilitangaza siku nne za kilio, na redio ilipiga muziki wake bila kuacha. Tabu Ley alikufa Ubelgiji vilevile, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2013. Mwezi wa kumi na mbili 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urizi wa watu wote wa dunia. Wote watatu, Kallé, Franco na Tabu Ley, walikuwa wamekwisha kulala. Siku hizi mutu akipiga diski ile ya 1983, anasikia wafu wawili wakimulilia mufu wa tatu, na hakuna anayekumbuka vizuri ni nani alikuwa wa kambi gani.

Deni la mwalimu linaweza kulipwa kaburini, na ni vizuri lilipwe. Lakini linaweza kulipwa pia siku ya kazi, mwenye deni akingali na masikio. Muzee aliyekufundisha kushika gitare, kuongoza korali, kupima mutambo, kusoma, kama angali muzima katika mutaa wako, si lazima ungojee sanduku ndipo utunge wimbo. Peleka gitare kwake. Piga alichokufundisha. Yeye mwenyewe atakuambia fasi gani umekosea, na pengine atacheka.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nani alikufundisha kazi unayoifanya leo? Angali muzima? Ulionana naye siku gani ya mwisho?

2. Katika kilio cha mwisho mulichofika, ni neno gani lililosemwa juu ya marehemu lililokuwa la kweli kabisa?

3. Watoto wako wanajua majina mangapi ya ukoo wenu? Wanaweza kuyasema kwa luga ya babu yao?

4. Kama korali yenu ao kundi lenu liligawanyika, ni nani angeweza kwenda kwanza kumuona mwenzake?